Uliza Mwalimu: kutoka kiti cha fidla mpaka mbele ya okestra

Toleo lililopita niligusia tu, mistari minne mitano, habari za Dean Dixon, mmarekani mweusi alieanza na fidla akiwa mtoto mdogo, akaja kuongoza okestra za Marekani, Ulaya na Australia. Meseji zimekuja nyingi kuliko mwezi wowote tangu nianze kujibu ukurasa huu, kwa hiyo leo hatugusi magitaa wala kinanda wala bei za spika, ukurasa wote ni wa watu waliotoka kwenye kiti cha fidla wakaenda kusimama mbele. Barua ndefu nimezifupisha, mnisamehe.

Shikamoo mwalimu. Umetuonjesha afu ukatuacha njiani. Huyo Dixon alifikaje huko? Na miaka ile mtu mweusi alipewaje okestra ya wazungu? Naomba yote, usibanie. (Msomaji, Mwanza)

Marahaba. Haya, yote.

Dixon alizaliwa New York Januari 1915, wazazi wake wahamiaji kutoka visiwa vya Karibiani, akakulia Harlem, mtaa wa weusi wa mji huohuo. Ukitaka kumuelewa anza na mama yake. Yule mama alipenda muziki wa okestra kwa moyo wote, akawa anamchukua mtoto anaenda nae Carnegie Hall, ukumbi mkubwa wa muziki pale New York, kusikiliza, na mtoto hajatimiza hata miaka minne kashawekewa fidla begani. Mi kila nikifika hapa huwa nasimama kidogo, maana nimefundisha watoto, najua mtoto wa miaka mitatu na nusu anavyoshika upinde, vidole havina nguvu, upinde unateleza unaenda kukwaruza karibu na daraja la nyuzi, inalia kama mlango wenye kutu, na mzazi inabidi akae hapohapo ausikilize huo mlango kila siku ya Mungu, miaka na miaka. Mama yake alikaa.

Mwaka 1932 akaingia Juilliard, shule kubwa ya muziki palepale New York, na aliingia kwa fidla, si kwa kuongoza. Mwaka huohuo, ana miaka 17, akakusanya watu mtaani Harlem akaanzisha okestra yake mwenyewe, mazoezi wanafanyia kwenye jengo la YMCA. Watu wa kila aina, wakubwa kwa watoto, weusi kwa weupe, wanaojua na wanaojifunza. Hakuna aliempa hiyo okestra, kaitengeneza yeye, mtu mmoja mmoja. Akamaliza digrii Juilliard 1936, akaongeza ya pili Columbia University 1939, na muda wote huo okestra ya mtaani hajaiacha.

Sasa 1941 ndo mlango ukafunguka. Eleanor Roosevelt, mke wa rais wa Marekani wa wakati ule, akaisaidia ile okestra ifanye konsati, na ukumbini alikuwepo mkuu wa muziki wa redio ya NBC. Bwana yule aliposikia, akamwalika Dixon aje aongoze okestra ya NBC kiangazi hichohicho, na Agosti akaongoza New York Philharmonic, okestra kubwa ya mji ule, mtu mweusi wa kwanza kuiongoza, ana miaka 26.

Hapa nataka uone picha vizuri. Jioni ile anapanda kwenye kile kijukwaa, anageuka kuwatazama wapigaji, na kwenye viti vyote vile hakuna mweusi hata mmoja wa kuajiriwa. New York Philharmonic ilikuja kumchukua mpigaji mweusi wa kwanza wa kudumu mwaka 1962, Sanford Allen, nae mpiga fidla. Miaka 21 baadae! Yaani mweusi kasimama mbele ya okestra ile miaka 21 kabla mweusi hajapewa kiti ndani yake. Nikiwaza hilo nakosa neno.

Ungetegemea baada ya hapo simu isitulie. Alialikwa hapa na pale, 1944 akaanzisha okestra nyingine, ya vijana, akafanya konsati za kuwafundisha watoto kusikiliza, lakini okestra kubwa ya kwao ya kumwambia njoo uwe wetu haikutokea. Mwaka 1949 akaitwa na okestra ya redio ya Ufaransa. Akaenda. Hakurudi kuongoza nyumbani mpaka 1970.

Na huko nje ndo kazi yenyewe ilipopatikana. Gothenburg, Sweden, kuanzia 1953 mpaka 1960. Frankfurt, Ujerumani, okestra ya redio, 1961 mpaka 1974, na katikati yake akawa na Sydney, Australia, 1964 mpaka 1967, okestra mbili mabara mawili kwa wakati mmoja. Alivyorudi 1970 kama mgeni, New York Philharmonic ilipiga nae Central Park, nje kabisa kwenye nyasi, watu maelfu kwa maelfu. Alifariki 1976 huko Zug, Uswisi, ana miaka 61. Mwenyewe alikuwa anasema safari yake imepita hatua tatu, mwanzo walimwita kondakta mweusi wa kimarekani, baadae kondakta wa kimarekani, mwisho kabisa wakamwita kondakta tu.

Mwalimu mimi nakupinga. Unatusifia mtu aliyekimbia kwao. Mashujaa ni wale waliobaki wakapigana pale pale, si huyu wa kupanda ndege. (Msomaji, Nairobi)

Barua yako nimeisoma mara mbili ndugu yangu, na sikutaka kuijibu siku ileile, kwa sababu najua inatoka kwenye uchungu wa kweli.

Ila fikiria hivi. Mpiga fidla ukimnyima jukwaa, fidla yake anabaki nayo. Atafunga mlango atapiga, vidole vitaendelea kuwa na moto, hata kama hakuna mtu anamsikiliza. Mwongozaji okestra chombo chake ni watu. Watu 80, 90, mia. Huwezi kufanya mazoezi ya kuongoza mbele ya ukuta, unaweza kusoma nota mpaka macho yaume, unaweza kujua kila sauti iko wapi, lakini mkono wako utajua umekosea pale tu watu watakapoanza vibaya mbele yako. Ukimnyima watu umemnyima chombo, ni sawa na kumwambia mpiga fidla we ni hodari sana, sasa kaa hapo bila fidla tukuite siku tukikuhitaji.

Dixon alikaa hivo miaka minane, 1941 mpaka 1949, umri wa miaka 26 mpaka 34, umri ambao mwongozaji mwingine anapewa okestra ndogo ajifunze makosa yake. Na hakukaa bure, nimeshasema hapo juu, kila alipokosa okestra alitengeneza ya kwake. Sasa mtu ashatengeneza okestra mbili kwa mikono yake, ashaongoza okestra kubwa za redio na za mji, bado hakuna kiti, unataka afanye nini tena? Azeeke akisubiri?

Na kitu kingine, akiwa Ulaya aliendelea kupiga na kurekodi kazi za watunzi wa kimarekani. Nchi imemnyima kiti na yeye anaupeleka muziki wake kwa watu ambao hawajawahi kuusikia. Mi kuondoka na kukimbia naviona ni vitu viwili tofauti, na kwa huyu sitabadilisha neno.

Mwalimu habari za kazi. Binti yangu ana miaka 13, amefundishwa vayolini na masista tangu ana 7, anapiga vizuri mpaka watu wanageuka. Sasa ameona klipu ya okestra kwenye simu, basi, kila jioni anasimama sebuleni na mwiko anaongoza redio. Mama yake anasema miaka sita ya vayolini inaishia kwenye mwiko. Mi nimekwama katikati. Hii kazi ipo kweli? Kwa msichana? Na vayolini aiache? (Baba, Morogoro)

Kaka, vayolini asiiache, hilo nakujibu kabla sijavuta pumzi. Na mwambie shemeji mwiko usimtishe.

Nianze na kazi yenyewe maana wengi wanadhani ni kupunga mikono. Jumapili ijayo mwangalie mwalimu wa kwaya yenu, ila usimwangalie wimbo ukishaanza, mwangalie nusu sekunde kabla. Atainua mikono, na akiinua anavuta pumzi, kwaya nzima inavuta nae, na ndani ya ile pumzi kuna kila kitu, wimbo utaenda kasi gani, utaingia kwa nguvu au kwa upole, nani aanze. Mi mara ya kwanza kusimamishwa mbele ya vijana kanisani, fidla saba na selo moja, ile fidla kubwa ya kupigwa umekaa, nilishusha mkono bila kuinua kwanza. Nusu wakaanza nusu wakanitazama. Nikarudia, ikawa vilevile. Yule dada wa selo ndo akaniambia kwa upole, mwalimu, vuta pumzi tukuone. Nikavuta. Wakaingia wote pamoja, fidla saba kama moja, na mpaka leo nikikaa kimya naisikia ile sauti ya kwanza.

Kwa hiyo kuongoza ni kuonyesha kitu kabla hakijatokea, na kusikia kilichotokea, kwa pamoja. Mikono ni sehemu ndogo. Mapigo manne mkono wa kulia unaenda chini, kushoto, kulia, juu, binti atajua hayo kwa dakika kumi. Kusikia ndo kunachukua maisha.

Sasa vayolini inaingia wapi? Okestra kamili ya kisasa ikijaa, watu wa nyuzi wanaweza kufika 60, fidla za kwanza 16, za pili 14, viola 12, selo 10, besi 8. Zaidi ya nusu ya watu mbele yako wameshika upinde, na upinde una lugha yake, ukiuvuta kuanzia unaposhikwa kwenda nchani sauti inaanza nzito inapungua, ukiusukuma kutoka nchani inaanza nyepesi inakua, ukipiga karibu na daraja inakuwa kali, ukisogea kwenye ubao wa vidole inakuwa ya pamba. Mwongozaji alietoka kwenye fidla akitaka watu 30 walie kama wananong'ona hatoi hotuba kuhusu mwezi na nyota, anasema tumieni ncha ya upinde tu, na wanajua. Ndo maana waongozaji wengi wakubwa walitoka hapo. Eugene Ormandy alikuja Marekani kutoka Hungary 1921 kama mpiga fidla, akaanza kwa kupiga kwenye okestra ya jumba la sinema New York enzi za filamu zisizo na sauti, akaja kuiongoza okestra ya Philadelphia kuanzia 1936 mpaka 1980, hebu piga hesabu, miaka 44. Neville Marriner wa Uingereza alikuwa mpiga fidla kwenye okestra ya London Symphony. Jaap van Zweden wa Uholanzi alikaa kiti cha mbele cha fidla kwenye okestra ya Concertgebouw, Amsterdam, hajafika hata miaka 20. Wote hawa walijua jasho la upinde kabla ya kushika kijiti.

Na msichana? Mwonyeshe binti Marin Alsop, mmarekani, kazaliwa New York 1956. Baba yake mpiga fidla, mama yake mpiga selo, nae fidla tangu mdogo. Ana miaka 9 akamwona Leonard Bernstein, mwongozaji maarufu wa Marekani, akiongoza, akasema mi nataka ile kazi. Akaambiwa wasichana hawafanyi hivo. Baba yake alipopata habari akamletea boksi zima la vijiti vya kuongozea. Kaka, we una mwiko tayari ndani ya nyumba, umeshaanza.

Alsop nae akasoma fidla Juilliard, akaomba kusomea kuongoza wakamkataa, tena zaidi ya mara moja. Akafanya nini? Mwaka 1984 akaanzisha okestra yake, akaiita Concordia, akajifunzia hapo. Baadae Bernstein mwenyewe akawa mwalimu wake. Mwaka 2007 akachukua Baltimore Symphony, mwanamke wa kwanza kuwa kiongozi wa muziki wa okestra kubwa Marekani, na 2013 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza usiku wa mwisho wa tamasha la Proms kule London. Umeona? Huyu na Dixon hawajafanana rangi wala jinsia wala miaka, ila wote wawili walipokosa watu wa kuwaongoza walienda kuwatafuta.

Ukweli wa mfukoni sitakuficha, hapa kwetu ajira ya kuongoza okestra na ukala kwa hiyo peke yake ni nadra sana, mtu anaunganisha, anafundisha shule, ana kwaya, ana wanafunzi wa jioni, anapiga kwenye harusi. Ila anaejua vayolini na anaejua kuongoza ana vitu vinne vya kuunganisha badala ya viwili. Mtafutie kinanda ajifunze kidogo, hata cha kuazima kanisani, kwa sababu mwongozaji anasoma nota za watu wote kwa pamoja kwenye ukurasa mmoja na kinanda kinamzoesha macho kusoma mistari mingi. Afu mwambie atafute watoto wengine watatu wenye vyombo, vyovyote, hata filimbi. Akimaliza mwiko na redio, aingie na watu. Redio haimsikilizi, itaendelea hata akikosea, mtu atasimama. Akikua, Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music, ipo tangu 1944, na Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy tangu 2002, na fidla pale ni chombo cha nyumbani.

Kile kijiti kina kazi gani hasa? Na kwa Kiswahili tumuiteje huyu mtu, maana nikisema kondakta watu wanauliza wa gari gani. (Msomaji, Dodoma)

Kijiti ni mkono uliorefushwa tu. Mtu wa tarumbeta kakaa kule nyuma mita nyingi, macho yake yako kwenye nota, ncha nyeupe ya kijiti anaiona kwa pembeni ya jicho wakati vidole vyako asingeviona. Wapo wanaoongoza bila kijiti na wako vizuri kabisa.

Zamani haikuwa kijiti. Jean-Baptiste Lully, mpiga fidla alieongoza muziki wa mfalme wa Ufaransa, alikuwa anapiga mapigo kwa fimbo kubwa, anagonga sakafu. Januari 1687 wakati wanapiga muziki wa kushukuru mfalme kupona, akajigonga mguu na hiyo fimbo, kidonda kikaoza, Machi akafa. Baada ya hapo watu wengi waliongoza na upinde wa fidla wenyewe, pale Paris kuanzia 1828 François Habeneck aliongoza simfoni za Beethoven kwa upinde, tena mbele yake ana karatasi ya fidla tu. Na sio zamani sana, Willi Boskovsky, kiongozi wa fidla wa Vienna Philharmonic, ameongoza konsati za mwaka mpya Vienna kuanzia 1955 mpaka 1979, fidla mkononi, akifika anapopapenda anaiweka begani anapiga na wenzake.

Jina, mi nasema mwongozaji okestra, au mwongozaji tu mkishaelewana. Wengine wanasema maestro. Kondakta tumewaachia watu wa daladala na wana haki nalo, wamelifanyia kazi.

Assalam alaykum mwalimu. Mimi napiga fidla kwenye kikundi cha taarab, huu mwaka wa 31. Hatuna mtu wa kusimama mbele na kijiti. Nakaa kwenye kiti changu, nikiinua upinde wenzangu wanaingia, nikitikisa kichwa wanapunguza. Kijana mmoja aliyesoma nje ananambia hiyo si kuongoza. Je ni kweli? (Mpiga fidla, Unguja)

Waalaykum salaam mzee wangu, na shikamoo. Kijana amekosea, na nitakwambia kwa nini kwa habari ya mtu, si kwa maneno yangu.

Mwaka 1745 huko Guadeloupe, kisiwa cha Karibiani chini ya Ufaransa, alizaliwa Joseph Bologne. Mama yake alikuwa mtumwa mwafrika, anaitwa Nanon, baba yake mzungu mwenye mashamba. Baba akampeleka Ufaransa akasomeshwa, akawa bingwa wa upanga, Paris nzima inamjua kwa jina la Chevalier de Saint-Georges. Na akawa mpiga fidla wa ajabu. Mwaka 1773 akapewa kuongoza okestra ya Concert des Amateurs, moja ya okestra bora za Ulaya kwa wakati ule, na aliiongoza vipi? Na fidla yake mkononi, mzee wangu. Upinde ukiinuka wenzake wanaingia. Enzi zile kwenye okestra za namna ile fidla ya kwanza ndo ilikuwa kiongozi, huyu mtu wa kusimama peke yake mbele bila chombo alikuja baadae, okestra zilipokuwa kubwa mno mpaka watu wa nyuma hawauoni upinde.

Mwaka 1776 jina lake likatajwa kuongoza Opera ya Paris. Baadhi ya waimbaji na wachezaji wakubwa wa kike wakamwandikia malkia kwamba hawawezi kupokea amri kutoka kwa chotara. Kazi hakuipata. Ila okestra yake ya baadae, ya Loge Olympique, ndo ile ambayo mtunzi Joseph Haydn aliitungia simfoni sita zinazoitwa za Paris, mpaka leo zinapigwa dunia nzima.

Kwa hiyo unachofanya we kwenye kiti chako ni kilekile, upinde juu, pumzi, wanaingia. Taarab ya okestra Unguja ni ya zamani kuliko zile okestra za redio za Ulaya nilizozitaja hapa, kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kipo tangu 1905, na ndani yake kuna elimu ya kusikilizana ambayo mi binafsi naionea wivu, wapigaji wa kanuni (kile chombo cha nyuzi nyingi), udi, fidla na nai wanatembea kwenye sauti moja na kila mmoja anaipamba kivyake bila kumkanyaga mwenzake, nani amewapigia mapigo? Huyo kijana mkaribishe akae nyuma yako mwezi mmoja, ashike fidla ya pili, afu muulize tena.

Jambo mwalimu. Sisi huku Bukavu tuko vijana watano, tuna vayolini mbili tu na moja haina uzi wa juu. Tuanze okestra na vitu hivi ao tungoje kwanza? (Vijana watano)

Msingoje wadogo zangu.

Nchini kwenu huko huko, Kinshasa, kuna Orchestre Symphonique Kimbanguiste. Aliyeianzisha mwaka 1994 ni Armand Diangienda, alikuwa rubani wa ndege, kazi ikaisha, akakusanya watu wa kanisa lao. Vyombo vilikuwa vichache kuliko watu, mtu anapiga kidogo anampisha mwenzake. Nyuzi za fidla zikikatika na za kununua hamna, walifunga waya wa breki za baiskeli. Waya wa breki! Mi najua uzi wa fidla ulivyo laini chini ya kidole, najua waya ule unavyokata ngozi, na watu wale walitoka kazini jioni wakaja kubonyeza waya huo mpaka usiku ili mwongozaji wao awe na watu wa kuwaongoza.

Kwenu fanyeni hivi. Vayolini yenye nyuzi zote nne ichukue sauti ya kwanza. Ile isiyo na uzi wa juu ipeni sauti ya pili, shusheni nota chini kidogo zikae kwenye nyuzi tatu zilizobaki, itatosha kabisa na itakuwa na sauti nene nzuri. Wawili waimbe, mmoja besi mmoja sauti ya kati, bila maneno, mdomo umefungwa. Wa tano asimame mbele aongoze. Wiki ijayo anaeongoza aende kwenye vayolini, wa vayolini aje mbele, mzunguke hivohivo mpaka kila mmoja ashike upinde na kila mmoja asimame. Chagueni wimbo wa kanisa mnaoujua wote, wa polepole, na kabla ya kuanza anaesimama mbele avute pumzi, wanne wamwone.

Mkifika wiki ya tano niandikieni mmeanza na wimbo gani, na ule uzi wa juu nauulizia kwa watu wangu.